Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Leo kliniki ya mapafu nilimtambia daktari kwamba kifua changu ni kibovu, sawa, lakini moyo unapiga kama saa ya ukutani. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Kumbe moyo mzima hauendi kama saa! Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Kwa sisi wenye ugonjwa sugu wa mapafu, mchezo huo hufifia. Kanipa mkanda wa kifuani urekodi mapigo kutwa nzima. Grafu ikimridhisha, Jumamosi nitapuliza tarumbeta harusini kwa binti yangu. Isipomridhisha, nitakaa nipige makofi. Mimi! Makofi!

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali. Mama mkwe ana miaka sabini na mbili na mapafu ya kupasua puto. Ubovu wake ni magoti tu: tangu ahamie kwetu hatoki kitandani, chai nampelekea mimi. Nimemwambia mkanda huu ni dawa ya magoti, auvae kesho, siku nzima. Kafurahi, maskini. Nilimwelekeza kuufunga nikiwa nje ya mlango, uso ukutani. Ulaghai ni ulaghai, lakini mkwe huheshimiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kashangilia grafu. Mapigo yanacheza vizuri ajabu! Nikavimba kichwa. Kisha akauliza jana kuanzia saa tisa mchana hadi kumi na nusu nilikuwa nafanya nini, maana moyo ulipanda kama wa mcheza dansi. Saa tisa? Saa hiyo nilikuwa madukani namtafutia mama mkwe mto wa magoti! Nikajibu ndiyo, nilicheza dansi. Akaomba nimwonyeshe. Nikazungusha kiuno mara mbili. Ya tatu ilinikuta sakafuni natweta. Nikaungama yote. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Mkanda kanifunga mwenyewe.

Nyumbani nikambana mama mkwe. Akakiri: alikuwa anajinoa kwa dansi ya harusi. Magoti yalipona zamani, ila chai ya kitandani ilimnogea. Akasema nimfichie kwa mke wangu, naye atanifichia la mkanda. Tumepatana.

Ijumaa, 7 Machi

Grafu yangu halisi imenyooka kama rula. Nililia, sifichi. Daktari akanifundisha kutoa pumzi polepole, midomo nimeibana kama napoza chai. Baada ya muda mstari ukaanza kuyumba kidogo, nikauona kwa macho yangu kwenye skrini. Kaniruhusu wimbo mmoja, nikiwa nimekaa.

Jumapili, 9 Machi

Jana! Nilipuliza wimbo mzima, sauti haikukatika hata mara moja. Binti yangu alilia, poda ikaharibika. Sijawahi kufurahi hivyo. Mama mkwe akajisahau, akacheza hadi katikati ya ukumbi. Mke wangu alibaki mdomo wazi.

Nimeapa kutodanganya tena. Ukweli una raha yake.

Mwezi ujao nina kipimo cha kutembea dakika sita. Daktari wetu atakuwa likizo, na atakayeshika zamu hanijui kwa sura. Leo mama mkwe kajaribu koti langu na kofia. Vimemkaa vizuri sana. Masharubu ndiyo anakataa kubandika. Bado tunajadiliana.