Jinsi Fundi Maneno Alivyokiteka Kiti cha Redio

Wacheni pasi zipoe, enyi mafundi wa Nyamirambo, na wewe unayepima kitenge kishikilie hapohapo, maana nina habari, na nikikaa nayo dakika moja zaidi itanipasua. Ni habari ya vita vya Jumapili tatu kwenye mto Nyabarongo, mwaka wa themanini na tatu, alivyopigana baba yangu mdogo, Maneno mwana wa Kalisa, Simba wa Cherehani, Mkata Suti za Maharusi, ambaye hajawahi kumsahaulia mteja hata pini moja ndani ya nguo.

Chanzo cha vita ni mimi. Nilirudi likizo kutoka koleji na zawadi ya mwalimu wetu wa Kiingereza aliyekuwa anarudi kwao Amerika: mshipi, ndoana, na kitabu kidogo chenye picha. Kumbe huko kwao kuna samaki mkubwa mwenye mistari kama shuka ya kitanda, na wanamvua bila mnyoo wala mdudu. Wanaivika ndoana kichwa cha risasi, wanaifunga nywele za mkia wa paa, wanaitupa majini, na samaki anadhani ni dagaa.

Baba mdogo aliposikia nywele zinafungwa kwa uzi, akasimamisha cherehani.

"Hiyo ni kazi ya fundi," akasema. "Kuanzia leo Nyabarongo ijue kuna mtu."

Paa hatuna. Akaenda kuomba mkia wa ng'ombe kwa Munyaneza, mwenye bucha jirani, mtawala wa kile kiti kimoja chenye mgongo kwenye baraza yetu, kando ya redio, ambacho Jumapili ya mpira hakikaliwi na mwingine. Munyaneza alicheka mpaka kisu kikamwanguka.

"Fundi, unataka kuvua samaki na mkia ya ng'ombe? Itakuja kukamuliwa?"

"Nipe mkia, wewe. Jumapili tatu. Nikileta samaki, kiti ni yangu."

"Na ukikosa?"

Baba mdogo akavimbisha kifua mbele ya baraza nzima. "Nikikosa, nitakaa kwenye ndoo mpaka nizeeke, na wakati wa mpira sitafungua mdomo."

Jamani. Mtu anayebishana na mtangazaji tangu mimi sijaota meno.

Siku nne alitengeneza silaha yake. Akayeyusha risasi ya betri ya gari, akachana zile nywele, akazifunga kwa uzi mwekundu, duru juu ya duru, kikatoka kitu ambacho bibi harusi angekivaa.

Jumapili ya kwanza tulishuka kwenye basi Gahanga, tukateremka kwa miguu hadi kwenye mafunjo. Akatupa, akavuta taratibu, kama mtu anayeshona kwa mkono. Mto ukanyamaza.

"Samaki iko wapi, fundi?" Munyaneza akauliza tuliporudi.

"Leo wamesafiri."

"Basi na wewe safiri, ndoo ile pale."

Wiki nzima nilisoma kile kitabu, na Jumapili ya pili nikamwambia, "Baba mdogo, haivutwi, inarukishwa. Fanya kama unakanyaga cherehani." Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga tope, mkono ukafuata mguu, na silaha ikacheza majini kama mwali kwenye ngoma. Wakaja! Mara saba waliugonga mshipi, mara saba wakauachia.

"Sha, wananicheka," akasema. "Wanashika kitambaa, hawanunui."

Jumapili ya tatu, saa tisa, walikuwa wamegonga mara tano zaidi, na mimi nilishaiona ile ndoo inamngoja. Nikaichukua silaha niitoe majani. Nikapitisha kidole. Hakikuchomwa.

"Baba mdogo, nani ameziba ncha?"

"Mimi. Nimeikunjia pindo la uzi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inachoma watu. Miaka ishirini na mbili, mwanangu, sijatoa dukani kitu chenye ncha wazi. Mtu ataumia."

"Samaki ndiye tunataka aumie."

Hapo vita vikubwa vikapiganwa, na havikupiganwa majini. Alitazama maji, akatazama ndoana, akatoa mkasi mdogo mfukoni na kufumua uzi mmoja mmoja, na ule wa mwisho aliukata macho yamefumbwa. Ncha ikamdunga dole gumba papo hapo. Akaitikia kwa kichwa, kama shujaa aliyesalimiwa na adui wa heshima.

Akatupa. Akakanyaga. Mkanyago wa tatu, ufito wa mshipi ukapinda, naye hakuacha kukanyaga, akaingia mtoni na suruali yake ya Jumapili akishona maji, mpaka akatoka kambare mwenye sharubu kama hakimu.

Tuliporudi barazani, Munyaneza alimkodolea kambare macho kutoka kitini. "Hii ni samaki ama ni kidole yake?"

Baba mdogo akavua futi ya kupimia shingoni, akapima mbele ya mashahidi. "Urefu, ishirini na tatu. Kifua, kumi na moja. Saizi hatukuandikiana."

Munyaneza akaitazama baraza, baraza ikatazama barabara. Akasimama.

Mpira ulikuwa umeshakwisha. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya waliopoteza vitambulisho, na mbuzi mmoja wa kahawia aliyepotea. Baba mdogo akakaa, akakunja nne, akaanza kumbishia mtangazaji kuhusu yule mbuzi, na dunia ikarudi mahali pake.

Basi liwekwe kwenye historia ya mji huu jina la Maneno, na kambare wake wa sentimita ishirini na tano: ishirini na tatu za samaki, na mbili, anavyosema mwenyewe, za pindo.