Altare Iliyogeukia Kibla

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kibiti.
Kigango chetu kimeharibika! Jana kwaya ya Skolastika ilipiga ngoma tangu mwanzo hadi mwisho wa ibada. Vigelegele juu! Bibi yangu kule Mahenge alisali Misa ya zamani, ya Kilatini, padre na waumini wote wakitazama altare. Alinifundisha Kyrie, ule wimbo wa “Bwana utuhurumie”, nikiwa mdogo. Nikiikumbuka nalengwalengwa na machozi. Ukaja Mtaguso wa Vatikano, maaskofu wakakutana, mambo yakabadilika, na leo tunaye Skolastika.

Jumapili Padre Kasiani anakuja. Baada ya Misa tunachagua mwenyekiti wa kigango. Mwenyekiti ni mimi, na kiti hicho nakipenda. Skolastika naye anakitaka. Mpango: altare ihamie ukuta wa mashariki kama zamani, kwaya irudi nyuma, kabla padre hajafika. Akiikuta, atafanya nini?

Jumatano, 10 Septemba.
Nimempata fundi Kibwana. Mwislamu, lakini kwa saruji hana mpinzani. Nimemweleza: avunje altare ya katikati, ajenge nyingine ukutani, padre na watu waelekee upande mmoja wakisali. Amefurahi mno. Amesema siku zote alishangaa kuona padre wetu anawageukia watu kama muuza duka. Mtu mwenye akili! Nimemwachia ufunguo, naenda Ikwiriri kutafuta ubani.

Jumamosi, 13 Septemba.
Maskini mimi! Altare iko ukuta wa kaskazini. Nimefoka. Kibwana amejibu kwa upole kwamba alitumia dira ya simu, kisha akamwita sheikh ahakikishe. Kibla imenyooka kabisa. Saruji imeshakauka. Na kaskazini ndiko inakokaa kwaya! Nilitaka Skolastika aende nyuma, sasa yeye na ngoma zake wako mbele ya kanisa zima.

Jumapili, 14 Septemba.
Padre ameitazama altare, akauliza kama tumesilimu. Watu wamecheka, mke wangu Edita kuliko wote. Akahubiri kwamba Misa imewekwa katika lugha ya watu ili washiriki, na anayetaka ile ya zamani aombe kibali kwa askofu, si kwa fundi. Nimeomba angalau Kyrie ya Kilatini. Amesema Kyrie ni Kigiriki. Bibi hakuniambia!

Misa imesomwa kwenye meza ya mafundisho ya dini. Skolastika amepata kura zote isipokuwa moja, niliyojipigia mwenyewe. Ya Edita sikuiona. Imeniuma sana. Padre ameagiza altare ile ibomolewe, kwa gharama yangu.

Jumatatu, 15 Septemba.
Nimetafakari. Waumini hawakukataa wazo, walikataa upande. Ukuta wa mashariki bado mtupu, na padre harudi hadi mwezi ujao. Kibwana anabomoa kesho, keshokutwa anajenga tena. Safari hii nimemkataza kabisa kutumia simu. Amuulize tu sheikh mashariki ni wapi.