Mgongo wa Rugaba na Beleshi la Mtumishi

Bonheur aliiona riziki yake kanisani, West Side ya Buffalo, ikiinama kuokota kitabu cha nyimbo na kushindwa kuinuka. Riziki hiyo iliitwa Rugaba. Alikuwa ametumikia jeshi la Amerika miaka sita, akaanguka kutoka kwenye lori na mzigo juu yake, na serikali ikampimia mgongo: ulemavu asilimia kumi. Kumi! Alikata rufaa, kwani malipo hufuata asilimia. Mtu akishinda hulipwa hata miezi ya nyuma, na Bonheur aliposikia hilo alishiba kabla ya kula.

Mjini Louisville Bonheur alijulikana kama Wakili, mpaka wateja wake walipokutana na wakili. Mjini Columbus alikuwa Daktari, mpaka mama mmoja wa mtaa wa Clintonville, Kanyana, alipopeleka dawa yake hospitalini ikaonekana ni chumvi. Hapa Buffalo akajipa cheo cha Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa hicho hakiulizwi cheti.

"Ndugu yangu, rufaa njo kazi yangu," alimwambia Rugaba nyumbani kwake, kitongoji cha Lackawanna, mbele ya sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao. "Bon, ukishinda unanipatia theluthi moja tu. Sheria ya kwanza: usinyanyue kitu! Serikali banatuma batu ba kukuchungulia dirishani. Bakikuona unabeba, mgongo wako unapona kwenye karatasi."

"Hata mfuko wa mchele?"

"Donc, weye unataka bakupunguzie?"

Agata, mke wa Rugaba, alimwongezea mgeni sombe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watu wa aina hiyo Bonheur alizoea kuwadharau.

"Tumekuelewa muzuri, Mtumishi," alisema. "Ulale hapa. Kesho utatufundisha tena."

Ilikuwa Novemba ya 2014. Kulipokucha theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya madirisha, mlango haufunguki, mabasi hayatembei. Agata akaleta beleshi, Rugaba akanyoosha mkono kulipokea.

"Baba Isaro, acha!" mkewe alipiga kelele. "Mtumishi alisema banachungulia!"

Wote wawili wakamgeukia Bonheur. Angesema nini? Mafundisho yalikuwa yake. Akachimba mpaka kibarazani, akachimba mpaka barabarani, na mbingu zikafukia alikochimba. Kesho yake Agata akapiga simu mbili tatu. Nyirabeza, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa amefungiwa ndani, na ni mtumishi gani anayemkataa mjane? Mzee Sylveri naye. Wanakwaya wanne wa mtaa wa nyuma nao. Hao walimwimbia dirishani, na kwa kweli waliimba vizuri. Siku ya nne kiunoni mwa Bonheur kitu kikasema ka! na yeye akabaki ameinama.

Alijikokota mpaka mezani kutafuta faraja. Agata akainua Biblia, akatoa barua ya serikali iliyokuwa chini yake.

"Asilimia makumi ine," alisema. "Ilifika juma iliyopita."

"Mbele miye nikuye?"

"Mbele, ulikuwa haujafika. Kuko muzee mumoja wa chama cha maaskari bastaafu, alitufanyia rufaa yote bure."

Rugaba alikuwa akitazama soksi zake kwa haya. Siku za mwizi ni arobaini; za Bonheur zilikuwa nne tu, ila asilimia zilitimia arobaini.

"Na theluthi yangu?"

"Theluthi ya kazi gani? Sombe ya siku ine hatukudai." Agata akakunja barua. "Na dada yangu Kanyana, wa Clintonville, anakusalimia sana, Daktari."

Bonheur akaliendea begi lake. Lilikataa kuinuka, au yeye ndiye aliyekataa. Rugaba, ambaye aliyajua maumivu hayo usiku na mchana, alimwonea huruma ya kweli.

"Pole, kaka," alisema. "Begi uliache, tutakutumia. Usinyanyue kitu."

Mabasi yaliporudi, Bonheur alisimama kituoni, uso ukiangalia viatu. Dereva alimtupia jicho mara moja, akaliinamisha basi upande wa mlango, kama wanavyofanyiwa vilema, akangoja. Hakuuliza barua wala kipimo. Tangu afike Amerika, hii ilikuwa mara ya kwanza mwenye nchi kumwamini Bonheur bila karatasi, na siku hiyo hakuwa anadanganya.