Mwonjaji wa Mvinyo na Mtoto Asiye na Jina

Haya aliniambia Garifalia mwenyewe, mwaka ule mvua ya mawe ilipopiga zabibu zetu, tumekaa mlangoni kwake tunaosha konokono wa kupika.

Stratis alikuwa mjanja wa mjini Iraklio, mtu wa kumuuzia samaki maji. Akasikia kwamba shambani kwa Garifalia, huku juu mlimani, kuna mapipa kumi na mawili ya mvinyo mwekundu, na wenyewe ni wakarimu hadi kuumia. Basi akaazima lori, akavaa tai, akajipa cheo: mwonjaji wa hoteli kubwa ya Athene. Mpango ulikuwa aonje, asifu, apakie, aache karatasi ya ahadi ya malipo yenye mihuri mitatu, asionekane tena.

Akaonja. Akala zeituni, jibini kwa asali, mboga za mwituni na nyama ya mwanakondoo. Kila glasi aliinywa amefumba macho kama anayesali.

"Bibi, huu si mvinyo, huu ni urithi. Nachukua wote."

"Chukua, mwanangu." Garifalia akamgeukia mwanawe. "Manolis, mpakilie mgeni."

Manolis akapakia. Stratis akaona haya kidogo, jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi.

"Wewe ni mtu wa dini?" bibi akauliza.

"Sana, bibi. Jumapili hainipiti."

"Basi Mungu ndiye aliyekuleta. Mjukuu wangu huyu ana miezi minane, jina hana, anangoja baba wa ubatizo. Padre huyo hapo, alikuja kula. Au watu wa hoteli hamtutaki sisi wa mlimani?"

Kwetu, kumkataa mtoto ni kuitukana nyumba nzima, na nyumba iliyotukanwa haitoi mapipa. Stratis akakunja mikono ya shati. Akampaka mtoto mafuta ya zeituni toka utosini hadi unyayoni, akamwita Minas, jina la kwanza lililomjia. Msalaba wa dhahabu hutolewa na baba wa ubatizo. Bibi akamvua Stratis ule wa shingoni, polepole, kama anayemchomoa mtu mwiba. Ulikuwa wa marehemu mama yake, na katika vyote alivyovaa, huo peke yake haukuwa bandia.

Wakala tena, wakanywa tena. Stratis akawaona watoto sita wakicheza uani, wote na viatu vizuri.

"Na hao nani aliwabatiza?"

"Waonjaji wa hoteli," Manolis akasema, akimenya chungwa. "Kila mwaka huja mmoja."

"Mvinyo walinunua?"

"Bado. Ila viatu vya Pasaka, deni la baba wa ubatizo, huleta. Mtu atamdhulumu yeyote, lakini si mtoto aliyempaka mafuta kwa mkono wake."

"Wengine tutaweza," akasema Stratis moyoni.

Saa tisa mchana, jua likiwa kali, nyumba ikalala. Padre kibarazani, Manolis chini ya mzabibu, watoto chali mkekani. Lori limejaa, ufunguo u mfukoni, njia nyeupe. Kilichobaki ni Minas, aliyeachwa mikononi mwake. Akimlaza, analia, akimwinua, ananyamaza, ameng'ang'ania tai.

"Lala, bwana mkubwa," Stratis akamnong'oneza. "Baba yako ana safari."

Akazunguka naye uani mara arobaini. Mtoto akasinzia. Stratis akaketi kidogo tu, mkono upumzike, na mvinyo aliousifu ukamaliza kazi.

Garifalia akatoka pekupeku. Akachomoa ufunguo, akawafunika shuka wote wawili. Mapipa yatashushwa jua likipoa, akawaza, na huyu atasaidia, si mgeni tena. Akauweka ufunguo chini ya mto, akalala.