Mvinyo wa Baba Mkwe

Jumamosi, 3 Mei
Nimenunua boksi la kutengenezea mvinyo nyumbani. Ndani: maji mazito ya zabibu, hamira, vipakiti vya dawa, ndoo yenye tundu la kupumulia kwenye mfuniko. Baba mkwe, hakimu, anastaafu. Sherehe ni wiki tatu zijazo. Tangu nimwoe binti yake ananiita "huyu". Akionja mvinyo wangu ataniita mwanangu. Maelekezo yanasema wiki sita. Upuuzi! Yameandikiwa wavivu.

Dukani nikakutana na nani? Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake mke wangu. Kabeba boksi lile lile! Akatabasamu. Simpendi akitabasamu. Yeye huitwa "mwanangu" hata akipiga chafya.

Jumatano, 7 Mei
Ndoo inatoa mapovu. Maelekezo yamekataza kufunua, lakini mzazi hakatazwi kumwona mtoto. Nimefunua. Nimeongeza hamira, na sukari juu yake. Nimeivika ndoo blanketi letu ili ipate joto. Mke wangu amelalamikia baridi, kisha akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akachukua khanga, akajifunika. Nimeshinda.

Mimi ni mpiga chapa, kwa hiyo lebo nimezichapa kazini, bosi akiwa msalani. Herufi za dhahabu: "Umekomaa kwa Subira".

Alhamisi, 15 Mei
Nimepita kwa mwanyumba, eti kumjulia hali. Ndoo yake iko stoo, kimya, haijaguswa. Anasema hatafungua mpaka wakati wake ufike, na sherehe ikimpita, basi. Mjinga! Nimecheka njia nzima.

Wangu bado unachemka. Nimeutia kwenye chupa hivyo hivyo. Vizibo nimevigongea kwa nyundo, juu nikafunga waya. Hatoroki mtu hapa.

Ijumaa, 23 Mei
Nimepeleka chupa kwa wakwe. Nimezipanga mezani, mbele ya dirisha, jua lizipige wageni wauone wekundu wake. Mama mkwe kashauri niziweke penye ubaridi. Nikamwambia mama, kizuri hakifichwi. Akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa.

Jumamosi, 24 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.

Ya kwanza ililipuka katikati ya hotuba. Wageni wakalala chini. Nyingine zikafuata kwa zamu. Keki! Mapazia! Suti nyeupe ya baba mkwe! Hakuumia mtu ila mimi, rohoni. Mzee akaokota shingo ya chupa yenye kipande cha lebo, akaisoma kwa sauti ya mahakamani. Akalamba kidole. Akatamka kwamba ni siki, tena siki mbichi. Watu wakacheka hadi machozi.

Mwanyumba alikuja mikono mitupu. Akaeleza kwamba wake haujawa tayari. Akapigiwa makofi! Kwa kutoleta kitu!

Kisha baba mkwe akamgeukia mke wangu, mbele ya wote, akampa pole. Basi, hilo tu. Nilingoja mke wangu anitetee. Alikuwa anaokota vigae, hakuinua uso. Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Jumapili, 25 Mei
Mke wangu amefungasha begi, amekwenda kwao. Hakupiga kelele, na hilo limenitisha. Alisema amechoka na mtu asiyeweza kungoja hata amalize sentensi. Alikuwa na zaidi, lakini nilimkatiza. Akaomba jambo moja tu: nisimfuate, nisimpigie simu, nimwache atulie. Atarudi mwenyewe moyo ukipoa. Nisipoweza hata hilo, basi asirudi kabisa.

Nampenda. Nimeapa, mkono kifuani, kwamba nitampa muda wote anaoutaka.

Aliondoka baada ya chai. Sasa jua liko utosini. Nadhani muda huo umemtosha. Navaa viatu.