Ombi la Kuifanya Sebule Yetu Iwe ya Serikali Hadi Mvua Iishe

Mwenyekiti,
Kamati ya Kujikinga na Maafa,
Nyamasaria, Kisumu.

Mheshimiwa Bwana Oluoch,

YAH: MAMA YANGU MZAZI, MAFURIKO, NA NYUMBA YA MKWE WAKE

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kutembea mlango hadi mlango na gambuti kwenye jua. Mimi ni Celestine Achola, Mama Debra, yule aliyekaa nyuma kabisa kwenye baraza lako la mwezi wa pili akinyonyesha. Uliuliza kama kuna mwenye swali. Nikainua mkono, mtoto akalia, nikatoka nje. Swali lenyewe ndilo hili. Limekuwa refu kwa sababu nimekaa nalo.

Kwanza nashukuru kwa ile karatasi yenu ya mpango wa dharura. Nimeibandika ukutani na nimeifuata. Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa viko kwenye mfuko wa plastiki. Dawa ya maji ipo, neti zimefungwa kila kitanda. Debra ana miaka minne na anajua kwamba waya wa stima ukianguka hauguswi hata kwa kijiti. Ameshawafundisha na kuku. Lakini hatua ya saba inasema hivi: "Maji yakianza kupanda, hamia kwa jamaa wa karibu anayeishi mahali pa juu." Bwana Mwenyekiti, hatua ya saba imetushinda. Nitaeleza kwa nambari ili usichoke.

1. Mama yangu, Dorca, anaishi kule chini, hatua kama mia mbili kutoka mtoni, hapo mto ukiwa na adabu. Mimi na mume wangu Obiero tunaishi huku juu karibu na tangi la maji. Ndugu zangu wako Nakuru na Busia. Kwa hivyo jamaa wa karibu anayeishi mahali pa juu ni mimi. Lakini nyumba ni ya Obiero, na Obiero ni mkwe wake. Wewe ni Mjaluo mwenzangu, najua unajua, ila karatasi yenu inaonekana haikuambiwa: mama mkwe halali kwa mkwe wake. Akilala analeta chira, ile laana inayokausha mtu mpaka hospitali inamrudisha nyumbani bila jina la ugonjwa. Mama huja mchana, anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kuitwa, anakunywa chai nusu kikombe, anabusu watoto, na jua likianza kuinama anashika njia. Ukimwambia alale anakutazama kama umemwambia avue nguo katikati ya soko la Kibuye.

2. Mwaka jana mwezi wa nne maji yaliingia kwake saa kumi jioni. Nilishuka mbio na mimba ya miezi mitano. Nikamkuta amekaa juu ya meza, redio mapajani, kuku watatu kando yake. Nikamwambia, "Mama, twende nyumbani." Akauliza, "Nyumbani kwa nani?" Nikasema, "Kwangu." Akasema, "Una nyumba wewe? Mimi huwa naona ya Obiero tu." Wakati huo maji yalikuwa magotini. Tulijadiliana mila na desturi mpaka yakafika mapajani. Vijana wenu wa mashua walifika, wakazima injini, wakangoja tumalize. Nawashukuru kwa heshima waliyotuonyesha, ingawa siku nyingine naomba wasiwe na heshima kiasi kile.

3. Walimpeleka shule ya msingi, darasa la nne, akakaa huko siku kumi na sita pamoja na watu arobaini. Sasa naomba usome hapa polepole. Obiero ni fundi wa mashua kule Dunga, na siku hizo alikuwa amejitolea kugawa uji hapo shuleni. Mvua ikamfungia humo mara mbili, akalala mlangoni mwa darasa lilelile. Mama mkwe upande wa ubao, mkwe upande wa mlango, chini ya paa moja! Mimi nilingoja chira kwa wiki nzima. Hakuna hata aliyepiga chafya. Nilipomuuliza Mama imekuwaje, alinijibu bila kupepesa: "Ile ni nyumba ya serikali. Serikali imeoa kwetu lini?"

4. Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, shida haiko kwenye paa. Shida ni kibao. Nyumba ikiwa na kibao cha serikali haina mkwe ndani. Ndiyo maana naomba, kwa unyenyekevu wote, kamati iandikishe nyumba yetu kuwa Kituo cha Uokoaji. Nambari yoyote itakayobaki tutapokea. Tunahitaji kibao kimoja mlangoni, na barua moja yenye muhuri wa rangi ya zambarau. Rangi nyingine Mama atasema imetengenezwa mjini.

5. Tukipewa kibao, mambo madogo yafuatayo yatahitaji barua yake pia. Kuanzia katikati ya mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa tano, na tena mvua za vuli, Obiero asiitwe mkwe. Aitwe Mlinzi wa Kituo. Chumba cha kulala kiandikwe OFISI, HAKUNA RUHUSA, kwa sababu mama mkwe hatakiwi kuona kitanda cha mtoto wake wa kike. Wakati wa chakula Mlinzi wa Kituo atakuwa zamu nje, asitazamane na mama mkwe akitafuna. Kuhusu choo, tunacho kimoja, na haifai hata kidogo wakutane njiani mmoja akiwa na taulo. Ile filimbi mliyotupa ya kuita msaada itatumika: mlio mmoja, mkwe anaelekea chooni, milio miwili, mama mkwe anatoka. Mlio mrefu ubaki kuwa wa mafuriko kama mlivyopanga. Nimemjaribu Debra na ameelewa kuliko baba yake.

6. Usidhani sijatafuta njia nyingine kabla ya kusumbua ofisi. Jirani yangu Waithira, anayeuza mitumba Kibuye, aliniambia, "Wee Mama Debra, si umbebe tu kwa nguvu? Maji hayaulizi mtu ni wa ukoo gani." Nikamwambia hajui uzito wa mama yangu akiwa hataki. Basi yeye mwenyewe, kwa moyo wake mzuri, akasema Mama aje alale kwake. Nikamfikishia Mama. Akakubali! Nilikaribia kuruka. Kisha akauliza, kwa upole, ploti ya Waithira ni ya nani. Ploti ni ya ami yake Obiero. Tukarudi mwanzo. Nikataja hema. Akauliza hema litachomekwa kwenye udongo wa nani. Obiero naye, Mungu ambariki, akasema yuko tayari kuhama yeye aende darasa la nne, sisi tubaki na Mama. Mama akajibu kwamba shati la mwanamume likibaki limening'inia, mwenye nyumba yupo. Na shati la pili Obiero hana mahali pengine pa kulitundika.

7. Na usione kwamba ni mimi peke yangu. Kwenye laini yetu ya juu nimehesabu nyumba kumi na moja ambazo mama mkwe anaishi kule chini. Vijana wa juu walioa wasichana wa chini kwa sababu ndio walikuwa karibu. Hakuna aliyefikiria mto. Kwa hivyo mpango wenu wa dharura unawaambia watu kumi na mmoja wakimbilie mahali pale pale ambapo hawaruhusiwi kulala. Kama vibao kumi na kimoja ni vingi, basi napendekeza njia ya mkato: ndoa zote za laini ya juu zisimamishwe siku ile onyo la kwanza la mvua linapotangazwa redioni, na zirudishwe kiangazi. Hakuna ndoa, hakuna mkwe, na wamama wetu watalala. Nimemuuliza Obiero maoni yake. Ameuliza ni nani atapika. Nimechukua hilo kuwa amekubali.

8. Hii ya mwisho haina mpangilio, nisamehe. Winny ana miezi saba na hajawahi kulala mfululizo, kwa hivyo nami sijalala. Lakini hata akilala, wingu likitoka upande wa ziwa mimi niko macho nikipiga hesabu ya maji: sasa yako kwenye kizingiti, sasa yako kwenye mguu wa meza. Mama ana miaka sitini na miwili, hajui kuogelea, na ana imani kwamba meza yake inaelea. Alinilea peke yake kwenye nyumba ile. Mvua ikinyesha alikuwa ananiweka mimi juu ya meza, yeye anasimama kwenye maji akiniimbia nisiogope. Simwachi. Wala sikuombi umbadilishe. Nimejaribu kumbadilisha Mama tangu niolewe, na nimeona ni rahisi zaidi kubadilisha serikali. Lete kibao.

Nikimalizia, wasalimie memba wote wa kamati, hasa yule mama aliyenishikia mtoto barazani. Msalimie na mkeo, na mama mkwe wako pia popote anapolala mvua ikinyesha. Debra anawasalimu na anauliza kama kuna filimbi ya pili.

Wako katika tahadhari,
Celestine Achola (Mama Debra)

Baada ya kuandika: Bwana Mwenyekiti, barua hii ilikuwa kwenye bahasha tayari. Leo saa tisa mchana mto haukupanda hata kidogo. Ni upepo uliokuja, ukang'oa mabati yetu yote ya sebule na chumba, na sasa paa letu liko kwa Waithira juu ya mahindi yake. Hatukuumia. Kabla sijapata akili ya kulia, Mama alikuwa ameshafika na gambuti zake, amemfunga Winny mgongoni, anasema, "Twendeni kwangu." Kwa hivyo nakuandikia nikiwa kule chini kando ya mto, nyumbani kwa Mama, na ni pakavu. Obiero hajaingia. Amesimama nje ya ua na karai kichwani, mvua inampiga, kwa sababu mkwe halali kwa mama mkwe wake. Mama amemwita mara tatu kupitia dirishani. Mara ya kwanza, "Baba Debra, ingia, haya ni maafa." Mara ya pili, "Ingia, mwanangu, mila zilitungwa na watu wakavu." Neno hilo mimi nimelitafuta kwake mwaka mzima, amempa mkwe bure. Mara ya tatu amemwita kwa jina lake kabisa, jambo ambalo mama mkwe hathubutu, na kwa sauti. Anajibu tu, "Asante Mama, mimi niko sawa huku," na anatetemeka mpaka karai linalia. Nimemwambia asipumbae. Amesema chira si mchezo. Kwa hivyo naomba upuuze nambari moja hadi nane. Kibao ni kimoja tu tunachotaka, na kije huku, kwa Mama. Obiero mwenyewe anasema akiona muhuri ataingia.