Tangi Moja Mpaka Maun

Jumatatu, 15 Septemba

Miezi minane na siku nne tangu serikali imhamishie mke wangu Boineelo mji wa Maun. Muuguzi habishani na barua ya uhamisho. Boineelo akafungasha, akamchukua mtoto wetu Wame, nikabaki Gaborone na sufuria mbili na kitanda kikubwa mno. Nalala upande wangu tu. Upande wake nimeuwekea vipeperushi vya magari.

Maana nitakwenda! Nikishanunua gari. Si gari la hivi hivi: gari la familia, la juu, viti saba. Lipo la petroli na lipo la mseto, lenye injini ya petroli pamoja na betri inayojichaji yenyewe njiani. Sura moja, rangi moja. Sasa nichague lipi?

Jioni nimempigia Boineelo, nikamsomea hesabu za lita kwa kilomita. Kavumilia kurasa mbili. Kisha akaniuliza kama najua kuwa basi la Maun huondoka kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Basi! Mimi, mtu wa bodi ya ardhi, nishuke kwenye basi mbele ya wauguzi wenzake na mfuko wa plastiki mkononi!

Wame kasema jino la mbele limeng'oka. La pili hilo. Pengo la kwanza sijaliona bado.

Jumatano, 17 Septemba

Jirani yangu Rra Sebati amenunua. La petroli. Kaliegesha nje ya geti lake, pua imeelekea dirisha langu. Makusudi! Kaniambia mseto ni gari la mtu asiyejua anachotaka, na betri ikifa utauza ng'ombe. Nikamjibu kwamba petroli ni gari la mtu aliyezoea kuliwa pesa. Nikaingia ndani nimevimba kichwa. Baadaye nikakumbuka kwamba yeye ana gari na mimi nina jibu.

Ijumaa, 19 Septemba

Tshenolo, dada anayeuza magari, kanipokea kwa mara ya sita. Siku hizi hanipi chai. Nimeendesha yote mawili, barabara ileile. La petroli linanguruma, unajua uko safarini. La mseto ukisimama kwenye taa linanyamaza kabisa, unadhani limekufa. Nikayapenda yote mawili. Hapo ndipo ilipo balaa.

Njiani kurudi nikapata wazo. Wazo kubwa! Swali moja tu linamaliza ubishi: tangi moja linafika Maun? Kilomita mia tisa. Mseto ukifika bila kuongezwa tone, nanunua mseto. Na nikishafika kupima, nitakuwa nimefika kwa Boineelo. Kupima tu, jamani, nani atanicheka?

Jumatatu, 22 Septemba

Tshenolo kakataa. Gari la majaribio halilali nje. Nikamwambia taratibu: dada yangu, mimi nina mjomba. Mambo makubwa ya nyumba hayaendi bila mjomba. Ndiye aliyenisimamia kwenye mahari, ndiye mla kichwa cha ng'ombe kwenye sherehe zetu. Nikinunua gari asilolikagua, nimemtukana. Na mzee yuko mbali, Serowe, miguu haimbebi.

Tshenolo naye ni Motswana, naye ana mjomba. Kashusha pumzi. Kasema nichukue la mseto Jumamosi, nilirudishe Jumatatu kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kusema kweli Mjomba Kebonye anaishi Mochudi, nusu saa kutoka hapa, na miguu yake haikosi ngoma ya harusi. Lakini hilo Tshenolo atalijulia wapi?

Boineelo sijamwambia. Nataka niuone uso wake akifungua mlango. Nimefanya mazoezi ya kusimama mbele ya kioo.

Jumamosi, 27 Septemba. Maun

Nimekwenda kuchukua gari, nani kakaa kwenye kiti cha wateja? Mjomba! Koti, kofia, fimbo. Kumbe Tshenolo ni mtoto wa Mochudi, shangazi yake anaimba kwaya moja na mke wa Mjomba, na habari za uongo wangu zilishamfikia mzee. Lakini mzee hakuniumbua. Alimwambia Tshenolo kwamba miguu leo ina nafuu. Tulipofika barabarani ndipo akasema, "Mpwa wangu, umeiua miguu yangu mbele za watu. Sasa imefufuka, na inakwenda Maun." Akafunga mkanda. Alikuwa na nguo za siku tatu kwenye mfuko.

Saa kumi na mbili jioni tumefika. Tangi moja! Taa ya mafuta haijawaka! Nimepiga honi kwenye geti la nyumba za wauguzi, Mjomba akapiga mluzi. Hakutoka mtu. Nikasimama kama nilivyojizoeza kwenye kioo. Hakutoka mtu. Mwishowe muuguzi wa nyumba ya pili kachungulia, akasema Mama Wame kaondoka na basi la asubuhi, yeye na mtoto, wamekwenda Gaborone kumshtukiza Baba Wame.

Mungu wangu!

Nimempigia. Alikuwa amekaa kitandani kwetu, upande wake, juu ya vipeperushi. Tumecheka mpaka tukakohoa. Kisha akasema ameona jikoni kuna sahani moja tu inayotumika, nyingine zina vumbi. Akasema yuko zamu kuanzia Jumatatu, sikukuu yote ya Uhuru, lakini kesho wanarudi na basi, jioni ya kesho ni yetu. "Usiondoke hapo, Baba Wame. Nakujua. Usiondoke." Nikaapa.

Hapa naandikia kitandani kwake. Mto una harufu ya mafuta yake ya nywele. Mjomba anakoroma sebuleni. Nimemkosa mke wangu kwa kilomita mia tisa, lakini si haba, nina mto.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeondoka.

Nisieleweke vibaya! Mpango ulikuwa mzuri. Asubuhi Mjomba kanunua mbavu za ng'ombe, kaona bei ya huku ni ya bure. Sasa nyama mbichi ya kaskazini haivuki geti la ukaguzi wa mifugo barabarani, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Iliyoiva inavuka. Kwa hiyo mtu wa njia hii anapikia hapohapo getini. Nikapiga akili: basi la Boineelo nalo litasimama geti lilelile. Badala ya kumngoja nyumbani kama gunia, nitampokea njiani, kilomita sabini kabla ya Maun, na nyama choma mkononi! Nikajaza tangi mpaka mdomoni. Maana kwenda huenda ikawa bahati. Kurudi ndiko kutakakothibitisha.

Baada ya kumpokea, je? Mpango haukufika huko.

Tukakoka moto kando ya barabara. Mjomba kageuza mbavu mbili, kalalamikia jua, kaingia garini kupumzika. Saa kumi basi likaja. Abiria wakashuka kujinyoosha, wakaona moshi, wakapanga foleni wakidhani ni biashara. Kueleza sikupata nafasi, nikawa nawakatia tu. Wa nne kwenye foleni alikuwa mke wangu.

Aliomba ubavu usio na mafuta mengi. Kisha akautazama mkono unaomkatia. Miezi minane! Amekonda shingoni. Kasuka mtindo nisioujua. Kisu kikanidondoka motoni. Wame akanirukia, akapanua mdomo, nikayakagua mapengo yote mawili kama ninavyokagua mipaka ya viwanja kazini, moja moja, bila haraka. Boineelo akacheka, akajifuta macho kwa kiganja chenye masizi, masizi yangu, yakabaki shavuni. Nilimtamani mke wangu pale mbele ya watu wote na sikuona haya.

Akaenda kuchukua mikoba yao kwenye basi. Akaja akasimama kwenye mlango wa gari. Akasema haya, twendeni nyumbani, Maun ile pale.

Nami nikatazama mshale wa mafuta.

Naandika ukweli, hakuna anayesoma. Niliwaza hivi: kurudi Maun na kufika tena hapa ni kilomita mia moja arobaini. Tangi halitafika Gaborone. Kipimo kitaharibika, na sitajua kamwe lipi ni lipi. Nikasema, "Subiri kidogo, Mama Wame, napiga hesabu."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliuliza hesabu ya nini. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri mno, mpaka mwendo wa wastani nikamtajia. Dereva wa basi akapiga honi. Boineelo akanisikiliza mpaka mwisho, akaokota mikoba, akamshika Wame mkono. "Ukishajua," akasema, "utuambie." Wakapanda. Wame aliweka kiganja kwenye kioo na hakukiondoa.

Ningeweza kulifuata basi. Ufunguo ulikuwa mfukoni! Nikasema ngoja kwanza nyama iive. Ilipoiva nikaona aibu. Mjomba kashusha kioo, kanitazama, kasema, "Mchagua jembe si mkulima." Akaomba ubavu.

Jumatatu, 29 Septemba

Na kipimo kimeharibika vilevile!

Mseto unawaka kwa kitufe, ufunguo ukiwa jirani tu, na ukinyamaza hujui kama umezimwa. Pale getini Mjomba alikuwa amewasha kiyoyozi na redio muda wote, akidhani injini imelala. Nami njiani nilikanyaga mafuta kwa hasira. Taa imewaka Mahalapye. Gari limezimika Phakalane, kilomita kumi na tano kutoka nyumbani. Betri ikajaribu kutusogeza, ikakata tamaa. Tumesukuma, mimi na Mjomba na ile miguu yake. Kisha nani kapita? Rra Sebati! Kaenda, karudi na dumu la petroli, kasimama mikono kiunoni akatazama nikiimimina kwenye mseto. Nimekunywa sumu nikaiita dawa, nikasema asante.

Tshenolo kanusa viti. Kauliza kama Serowe siku hizi wanachomea nyama ndani ya gari. Mjomba ndiye aliyejibu. Kasema amelikagua gari kama mila inavyotaka, na gari halina kosa lolote. Kasoro iko kwa dereva. Tshenolo akamletea chai. Mimi hakuniletea.

Jumatano, 1 Oktoba

Bado sikukuu. Bendera kila nyumba, watoto barabarani wamechorwa mashavu. Nimempigia Boineelo mara saba tangu juzi. Yuko zamu. Au simu yake iko zamu.

Alasiri kondakta wa basi la Maun kaniita kituoni, kanikabidhi bahasha. Huku kila kitu kinasafiri mikononi mwa makondakta, dawa, viatu, hata kuku. Nikafungua palepale. Ndani mna jino dogo kwenye pamba, na tiketi ya basi. Jina langu. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kiti cha dirishani. Na kikaratasi: "Sijali linatumia nini. Njoo."

Nimelia. Kidogo tu. Nimerudi nyumbani nimesimama jikoni nikasema kwa sauti, nakwenda! Kwa basi, na mfuko wa plastiki, na wauguzi wote watazame! Nimeondoa vipeperushi kitandani. Nimeosha sahani zote, zile zenye vumbi pia. Tiketi nimeibandika kwenye friji.

Oteng mimi, nimekuwa mtu mzima leo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Begi liko mlangoni. Nimenyoa. Nimenunua mafuta ya nywele, yale yale ya Boineelo, na kitabu cha picha cha Wame. Kesho saa kama hizi nitakuwa nao. Sijawahi kutamani siku kama ninavyoitamani kesho.

Ili niondoke na moyo safi nimempigia Tshenolo, nimwombe radhi kwa harufu. Kapokea vizuri. Nimemwambia mambo ya magari basi, nimeyaacha, naenda kwa mke wangu. Kanipongeza. Kwa mazungumzo tu, kwa adabu tu, nikamuuliza kama biashara inakwenda. Kasema inakwenda, kesho saa mbili wanapokea la dizeli.

La dizeli!

Gari lilelile, viti saba, dizeli! Wiki zote hizi nimejipasua kichwa kati ya mawili, kumbe yako matatu! Nimeuliza tangi. Lita themanini. Nimeuliza linafika wapi. Kasema wanasema mtu anaweza kwenda Maun na kurudi bila kusimama.

Na kurudi!

Nimefikiri kwa utulivu kabisa. Basi linaondoka saa kumi na mbili, duka linafunguliwa saa mbili. Tiketi inabadilishika, nimeshauliza, Jumamosi ipo nafasi. Siku moja tu kwa watu waliongoja miezi minane si kitu. Na Boineelo alisema mwenyewe pale getini, nikishajua niwaambie. Atafurahi nikifika nikiwa najua. Au Tshenolo akiniachia nilijaribu, nikiondoka saa tatu naweza kulifukuza basi na kulipata hata kabla ya geti. Mjomba nitampitia Mochudi.

Karatasi sikuwa nayo karibu, kwa hiyo hesabu nimeziandika nyuma ya tiketi. Dizeli, lita themanini, Maun na kurudi. Upepo wa dirishani ulitaka kuipeperusha, nikaiwekea jino la Wame juu yake.